Duma (albamu)

Duma ni albamu ya kwanza ya kundi la muziki wa metali lenye jina hilohilo, kutoka Nairobi, iliyotolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina si la mnyama: kwa Kikuyu lina maana ya giza. Katika albamu hii, Martin Khanja wa kundi hilo anaimba kwa mayowe na mikoromo. Mwenzake, Sam Karugu, anapiga gitaa na kuunda midundo. Nguvu ya albamu imo katika midundo hiyo ya mashine, yenye kasi isiyofikiwa na mkono wa mpiga ngoma, ambayo imeipa metali sura mpya kabisa. Udhaifu wake ni maneno kumezwa na kelele.