Daktari Muthulakshmi Reddy na Sheria ya Wajakazi wa Mungu

Neno *devadasi*, lijulikanalo kote Bara Hindi, limeundwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: *deva*, yaani mungu, na *dasi*, yaani mjakazi. Binti aliyeitwa hivyo aliwekwa wakfu hekaluni, mara nyingi angali mtoto, akaozwa mungu kwa ada maalumu, akafunzwa kucheza na kuimba. Kwa kuwa mume wake hafi, hakuhesabiwa mjane kamwe, na kwa hiyo alialikwa arusini kama mtu wa baraka. Lakini kuolewa na mwanadamu hakuweza. Wengi waliishi wakitunzwa na matajiri, na binti zao wakarithi hali ile ile.

Katika jamii hiyo ndimo alimozaliwa Chandrammal, mama yake Muthulakshmi. Baba, Narayanaswami Iyer, alikuwa Mbrahmini, mkuu wa Chuo cha Maharaja huko Pudukkottai, kusini mwa Bara Hindi. Muthulakshmi alizaliwa huko mwaka 1886. Alipotaka kuingia katika chuo hicho cha wanaume palikuwa na manung'uniko, ikabidi mtawala wa nchi mwenyewe aamuru apokelewe. Mwaka 1907 aliingia Chuo cha Uganga cha Madras, na mwaka 1912 akahitimu udaktari. Alipoolewa na Daktari Sundara Reddy mwaka 1914, alimtaka kwanza aahidi kumheshimu kama mtu aliye sawa naye.

Mwaka 1927 aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Madras, mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe wa baraza la namna hiyo katika Bara Hindi lililotawaliwa na Mwingereza, na wajumbe wenzake wakamchagua kwa kauli moja kuwa makamu wa rais wa baraza. Hapo ndipo alipolishika suala la devadasi. Yafaa msomaji aangalie njia aliyoifuata, maana wengi husimulia habari hii kana kwamba ilikuwa hoja ya maadili matupu. Jamaa za devadasi zilikuwa na mashamba ya wakfu, waliyoyafaidi kwa sharti la kulihudumia hekalu. Anayeacha huduma huachia na shamba. Nani basi angemtoa binti yake hekaluni, aifukarishe nyumba nzima? Sheria ya 1929, iliyotokana na juhudi za Muthulakshmi, ilikikata kifungo hicho: mwanamke akabaki na shamba lake pasipo huduma. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilikuwa na akili kuliko marufuku yenyewe, ambayo aliileta barazani baadaye.

Marufuku hayo hakuyaona yakipita akiwa mjumbe. Mwaka 1930 Gandhi alipokamatwa, alijiuzulu. Mabinti waliotoka katika hali hiyo aliwafungulia makao, Avvai Home, wapate elimu na kazi. Sheria ya kukataza kuweka wasichana wakfu ilipitishwa Madras mwaka 1947. Habari za Taasisi ya Saratani ya Adyar, aliyoianzisha mwaka 1954 kwa kumkumbuka dada yake aliyeuawa na maradhi hayo, ni mashuhuri, nami sitazirefusha. Alifariki mwaka 1968.

Limebaki jambo moja ambalo wasifu wake mwingi hulipita mbio. Devadasi wenyewe, au baadhi yao, waliupinga mswada. Walipeleka malalamiko kwa serikali, wakisema kwamba wao ni wasanii na wacha Mungu, si makahaba, na kwamba wana haki ya kusikilizwa kabla ya kuamuliwa. Muthulakshmi, ambaye nyanya yake mzaa mama alitoka miongoni mwao, hakukubali hoja hiyo. Aliyatazama mambo kwa jicho la daktari, na machoni pake mtoto asiyeweza kuchagua alitangulia sanaa yoyote. Ngoma yao haikufa. Katika miaka ya 1930 mabinti wa Kibrahmini, akiwamo Rukmini Devi, walianza kuicheza majukwaani, ikajulikana kwa jina la Bharatanatyam, na waalimu wengi wa kwanza wa mabinti hao walitoka katika koo zile zile za hekaluni.