Bei ya Mafuta Ipimwe Jikoni

Tarehe 14 Septemba 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli nchini Kenya, EPRA, ilitangaza bei ambazo nchi hiyo haikuwa imewahi kuziona. Jijini Nairobi lita ya petroli ilipanda kwa shilingi 16.96 hadi 211.64, na dizeli ikafika 200.99. Lakini ongezeko zito kuliko yote lilikuwa la mafuta ya taa. Yalipanda kwa shilingi 33.13, karibu maradufu ya nyongeza ya petroli, yakafika 202.61. Mafuta ya mnyonge yakawa ghali kuliko dizeli ya lori.

Makala hii inashikilia kwamba ugumu wa maisha haupimiki kwenye pampu ya magari peke yake. Upimwe jikoni, kwa sababu katika mitaa kama Kibera, Mathare na Mukuru gharama ya moto ndiyo huamua familia itakula nini.

Baadhi ya sababu za kupanda huko ziligusa kila Mkenya. Shilingi ilikuwa ikidhoofika mbele ya dola, Saudi Arabia na Urusi zilikuwa zimepunguza mafuta yanayoingia sokoni, na mwezi Julai kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mzigo mmoja, hata hivyo, uliwekewa mafuta ya taa pekee: ushuru wa kuzuia uchakachuaji, shilingi 18 kwa kila lita, uliotozwa tangu Septemba 2018. Lengo lake lilieleweka. Wafanyabiashara walaghai walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli. Bei zilipokaribiana, faida ya ulaghai huo ilipungua. Anayelipa ushuru huo ni mwenye stovu.

Mwaka huohuo wa 2018 mlango mwingine ulikuwa umeshaanza kufungwa. Mwezi Februari serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mkaa ukapanda bei. Misitu ilistahili kulindwa. Lakini aliyeacha mkaa alihitaji pa kukimbilia. Gesi, ambayo ingemfaa, ilitozwa kodi ya asilimia 16 kuanzia Julai 2021. Kodi hiyo ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa mwaka 2023.

Watu walijikimu vipi?

Njia ya kwanza ni kununua kidogo kidogo, kile Wakenya wanachokiita uchumi wa kadogo: mafuta ya kupikia ya kupima, mkaa wa mkebe, mafuta ya taa ya kutosha mlo mmoja. Mbinu hiyo huokoa siku, ila anayenunua kwa vipimo vidogo mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo. Njia ya pili ni kubadilisha chungu. Maharagwe na githeri huhitaji saa nyingi motoni, kwa hiyo mama wa nyumbani huona nafuu kununua yaliyokwisha kuchemshwa kando ya barabara, au kupika ugali na sukuma wiki vinavyoiva upesi. Protini hupungua mezani hata pale bei ya maharagwe yenyewe haijabadilika.

Watetezi wa ushuru wa 2018 watasema kuwa bila ushuru huo, uchakachuaji utarudi na injini zitaharibika. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kenya tayari hutia kemikali za alama katika mafuta ili kuwatambua wachakachuaji. Ukaguzi huo unamfuata mkosaji hadi kituoni. Ushuru unamtoza hata asiye na kosa.

Kuondoa kodi ya gesi kulikuwa uamuzi sahihi, na usirudishwe nyuma. Hata hivyo, kwa anayeishi kwa kibarua cha kutwa, gharama ya mtungi, kichomeo na ujazo wa kwanza bado ni ukuta. Hadi ukuta huo upunguzwe, bunge lina wajibu wa kuzitua zile shilingi 18 kutoka mabegani mwa wanaopikia stovu.