Aseniki ya majosho ya kale: Inavyodhuru mimea na jinsi ya kusafisha udongo

KATIKA miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Meru hadi Embu, mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hata kila kipembe kikawa na thamani. Hata hivyo, mahali palipokuwa na josho la ng'ombe panahitaji uangalifu kabla ya kupandwa sukuma wiki au nduma, kwani huenda udongo wake ungali na aseniki.

Aseniki ilitumika sana katika majosho ya Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ili kuangamiza kupe wanaoeneza ndigana kali. Kupe walipozoea dawa hiyo, toxaphene ilichukua nafasi yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha zikaja dawa nyingine. Kwa hivyo, si kila josho lina aseniki. La kutiliwa shaka zaidi ni lile lililojengwa kabla ya miaka ya 1950, hasa katika yaliyokuwa mashamba ya walowezi kama vile upande wa Timau. Serikali ilipojiondoa katika uendeshaji wa majosho katika miaka ya 1990, mengi yaliachwa yakawa magofu.

Aseniki ni elementi, hivyo haiozi wala kuyeyuka kwa jua. Hukaa zaidi karibu na birika, kwenye zizi ambamo ng'ombe walisimama wakichuruzika dawa, na mahali ambapo matope ya josho yalitupwa.

Mizizi huipokea kwa kudanganyika. Katika udongo mkavu wenye hewa, aseniki hufanana sana na fosfeti, chakula muhimu cha mmea, nayo huingia kupitia mlango ule ule. Ikishaingia huvuruga uzalishaji wa nguvu ndani ya seli na kuharibu protini. Mizizi hudumaa, majani hugeuka manjano na kukauka kingo, na mavuno hupungua. Dalili hizi hufanana na za ukame au upungufu wa mbolea, kwa hivyo macho pekee hayatoshi kuamua.

Udongo mwekundu wa Meru na Embu una chuma kingi, na chuma huishika aseniki kwa nguvu. Udongo wa kichanga, kama ulioko sehemu za Mbeere, huishika kwa udhaifu zaidi. Lakini hata udongo mwekundu huweza kuiachilia. Mbolea nyingi ya fosfeti huisukuma aseniki kutoka kwenye chuma, na chokaa ikizidi huweza kufanya vivyo hivyo. Maji yakituama, chuma huyeyuka na aseniki hugeuka kuwa ya aina inayosafiri kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu mpunga huathirika kuliko mahindi, na ndiyo sababu nduma haifai kupandwa kwenye bonde lililopokea matope ya josho.

Kwa mlaji, punje za mahindi huwa na aseniki kidogo kwa kuwa nyingi hubaki mizizini. Hatari kubwa zaidi iko katika mboga za majani na mazao ya mizizi, ambayo pia hubeba udongo wenyewe, na kwa watoto wanaochezea vumbi. Aseniki husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Hatua ya kwanza ni kupima. Vipimo vya kawaida vya rutuba havionyeshi aseniki, hivyo mkulima hana budi kuiomba maabara waziwazi. Sampuli zichukuliwe sehemu mbalimbali na kwa vina tofauti. Udongo usiochafuliwa kwa kawaida huwa na miligramu chache tu katika kilo moja.

Sehemu ikiwa ndogo na chafu mno, udongo huweza kuchimbwa na kuhifadhiwa mahali maalumu, au kufunikwa ili usiguswe. Njia nyingine ni kuongeza madini ya chuma ili kuifunga sumu pale pale.

Iko pia njia ya mimea. Mwaka wa 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitangaza kuwa kangaga aitwaye Pteris vittata hufyonza aseniki na kuirundika majanini hadi zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake mkavu. Kangaga huyo humea pia katika Afrika ya kitropiki. Hata hivyo, kazi hiyo huchukua miaka mingi, na majani yakivunwa ni taka yenye sumu. Hayafai kulishwa mbuzi, kuozeshwa kuwa mboji wala kuchomwa, kwani moshi hubeba aseniki. Uondoaji wa taka za namna hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999.

Hadi matokeo ya maabara yapatikane, eneo la josho kuukuu lizungushiwe ua, lisilishiwe mifugo, na wazee wanaokumbuka lilivyotumika waulizwe mapema, kabla kumbukumbu hizo hazijapotea.