Gitaa Likishushwa, Sauti Yake Huenda Wapi?

Msikilizaji mmoja wa Narung'ombe, kule Ruangwa, ameniuliza swali ambalo hata wakubwa wa muziki hapa mjini hawajiulizi. Yeye hupiga gitaa la umeme katika bendi ndogo inayotegemea jenereta. Anasema akipunguza sauti kwa kile kifundo kilichopo kwenye gitaa lenyewe ili mwimbaji asikike, gitaa halipungui tu, bali huwa kama limefunikwa blanketi. Akilirudisha juu, linammeza mwimbaji. Afanyeje?

Narung'ombe wengi tunaijua, kama tunaijua, kwa mapigano ya Julai 1917 kati ya Waingereza na Wajerumani. Hao leo tuwaache na bunduki zao. Swali la gitaa nalo lina historia, tena inayoigusa kila bendi iliyopata kupiga dansi nchini humu.

Kabla ya umeme palikuwa na galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya Afrika Kusini yaliyouzwa kwa bei nafuu hata moja likamfikia kijana John Lennon wa Liverpool mwaka 1957. Mwenye galatoni hakuwa na taabu ya msikilizaji wetu. Akitaka sauti ndogo aligusa nyuzi taratibu, basi. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alifanya yote kwa kidole gumba na cha shahada. Shida ya galatoni ilikuwa nyingine: ukumbini, mbele ya tarumbeta na ngoma, nani angeisikia?

Ndipo umeme ulipoingia. Katika miaka ya 1960, enzi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, za Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, gitaa liliacha kuwa msindikizaji likawa mwenye shughuli. Na dansi letu likajijenga kwa namna inayokilazimisha kifundo kile kufanya kazi. Wimbo huanza polepole, mwimbaji akieleza kisa chake, halafu huja chemko, waimbaji hunyamaza na mpiga solo hupewa uwanja. Kwa hiyo mpiga solo lazima awe chini kwenye beti na juu kwenye chemko. Hawezi kukimbilia amplifaya kila wimbo unapogeuka, na wala watu hawakulipa kiingilio kumtazama akikimbia.

Tena magitaa yetu hayapigi kila moja lake. Solo, solo la pili, ridhimu na besi hujibizana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Gitaa moja likipoteza ule ukali wa juu, ule mlio wa kengele, mchi mmoja umekosa zamu na kinu kizima kinakwenda upande.

Sasa ukali huo huenda wapi? Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika, huzalisha umeme kidogo mno, ambao hupita kwenye kifundo na kusafiri kwa waya mrefu hadi kwenye amplifaya. Waya huo umevishwa wavu wa chuma kuzuia kelele, na kila mita yake hutenda kama kapasita ya pikofaradi 100 hivi. Kifundo kikiwa juu kabisa, hasara si kubwa. Ukikishusha, unaweka kizuizi kati ya sumaku na waya. Kizuizi na waya vikishirikiana huzimwaga sauti kali zikaishia kwenye wavu. Kwa kifundo cha kawaida cha kilo-omu 500 na waya wa mita sita, mmwagiko unaweza kuanza kwenye mitikisiko 2,000 na ushei kwa sekunde. Hapo ndipo utamu wa solo ulipo!

Sikio nalo halina huruma. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sauti zote zikishushwa kwa kiasi kilekile, sikio huona besi imepungua kuliko zile za kati. Ndiyo maana redio ikipigwa chini usiku huonekana imekonda.

Redio Tanzania ilipokuwa ikirekodi bendi zetu, wanamuziki walipiga wote pamoja, mara moja, bila kuongezea baadaye. Gitaa likivuma mno lingeingia kwenye kipaza sauti cha mwimbaji na kumharibia. Kanda zile, ambazo leo ziko mikononi mwa TBC, ndizo ushahidi wangu. Sikiliza jinsi magitaa yalivyo chini ya mwimbaji na bado kila uzi unahesabika. Mimi hunikera kijana anaposema huo ni muziki wa vyombo duni.

Hili si suala la makumbusho. Tangu kanuni za kudhibiti kelele zilipotungwa mwaka 2015, mwenye baa anajua NEMC inaweza kumfikia. Akiiambia bendi ishushe sauti na bendi ikashusha ikawa uji, kesho ataleta kijana mmoja mwenye kinanda na bendi nzima itarudi nyumbani na vyombo vyake.

Dawa ipo, na ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Fender ilikuwa ikiweka ndani ya Telecaster kapasita ndogo ya pikofaradi 1,000, kutoka mguu wa kifundo unaopokea umeme wa sumaku hadi mguu wa kati. Hiyo huzipa sauti kali njia ya mkato. Sauti ikiwa kali mno kifundo kikishuka, fundi aongeze rezista ya kilo-omu 150 sambamba na kapasita hiyo. Na asiyeogopa kupiga karibu na amplifaya atumie waya wa mita tatu badala ya sita.

Kapasita yenyewe haihitaji safari ya Dar es Salaam. Fundi redio yeyote wa Ruangwa au Nachingwea afungue redio mbovu iliyokaa chini ya meza yake na atafute kidude bapa, mara nyingi cha rangi ya udongo, kilichoandikwa 102.