Birika chini ya nyumba: Namna ya kuuzuia unyevu

MOMBASA

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu vingi, hivyo birika likivuja, hunyonya maji na kuyapandisha ukutani. Chumvi hujitokeza, lipu hubambuka, na vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani huoza. Boriti zikioza, dari huwa hatarini kuporomoka.

Ajengaye birika sharti alitenge na msingi wa nyumba, alipige lipu ya saruji kwa ndani, alifunike, na aache tundu la kutolea mvuke nje.

Kuta za nyumba zisipigwe saruji. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji huufungia ndani.

Katika Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, birika la maji ya mvua liko uani.