Karagwe Ilijua Matembezi Kabla ya Hifadhi

Mwaka 2019 Serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya Kagera kuwa hifadhi za taifa. Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Pori la Ibanda likawa Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa, na Pori la Rumanyika Orugundu likawa Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe. Ukitazama ramani, mzazi wa Nyakakika, wilayani Karagwe, mwenye mtoto wa miaka mitano au sita anaishi katikati ya vivutio ambavyo wageni husafiri siku nzima kuvifuata. Lakini likizo inapofika, swali la wapi pa kumpeleka mtoto huyo akafurahi na kujifunza bado ni gumu. Maelezo yanayosikika mara kwa mara ni kwamba kutoka na watoto kwa ajili ya kuona na kufurahi ni jambo la wazungu na watu wa mjini, wala halijapata kuwa desturi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Maelezo hayo hayalingani na historia. Watu wa Karagwe walikuwa na mahali pa kwenda na siku za kukusanyika kabla ya hifadhi yoyote kuwekewa mipaka. Kilichowatenga na mahali hapo ni sheria na misukosuko ya miaka zaidi ya mia moja, na kilichovunjwa na sheria kinaweza kujengwa upya na sera.

Tuanze na ushahidi wa karne ya 19. Wazungu wa kwanza kufika Karagwe na kuandika habari zake, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke aliendelea na safari ya Buganda mwanzoni mwa 1862, na Grant, aliyekuwa akiuguza mguu, alibaki kwa miezi kadhaa. Maandishi yao yanaonyesha utawala wenye siku zake za hadhara: mwezi mpya ulipoandama, ngoma zilipigwa na watu wakaja mbele ya Mukama. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Pamoja na mambo mengine, anasimulia mashindano ya kupiga makasia ziwani, mashua yake ikishindana na mitumbwi ya wenyeji, huku Rumanyika na umati wa watu wakitazama kutoka kwenye mteremko wa kilima. Alionyeshwa pia nyumba ya hazina ya Mukama, iliyokuwa na mikuki na sanamu za madini zenye maumbo ya ng'ombe na bata, kazi ya mafundi waliosifika. Kisha akaenda kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko wilaya ya Kyerwa, akawakuta watu wengi wamelala majini wakitafuta nafuu ya maradhi yao. Hivyo, katika ziara moja, mgeni huyo alishuhudia mashindano ya hadhara, hazina ya vitu vya sanaa, na chemchemi iliyovuta watu kutoka mbali.

Msomaji makini anaweza kupinga hapa. Atasema kwamba ngoma za mwezi mpya zilikuwa ibada ya utawala, hazina ya Mukama haikuwa wazi kwa kila mpita njia, na waliokwenda Mtagata walifuata dawa, si starehe. Yote hayo ni kweli, na si haki kumgeuza Rumanyika kuwa ofisa utalii. Lakini hoja hii inadai jambo ambalo hakuna jamii inayolitimiza, yaani furaha iliyotengwa kabisa na ibada, tiba au kazi. Hata leo familia za Kagera husafiri kwa mabasi kwenda kuhiji Nyakijoga, na nyingine huvuka mpaka kwenda Namugongo, Uganda, kila inapokaribia Juni 3. Wanakwenda kusali, na papo hapo wanaona nchi, wanakutana na ndugu, wanakula pamoja njiani. Hakuna anayesema hiyo si safari ya familia kwa sababu ina sala ndani yake. Jambo hilohilo linaonekana msimu wa senene: ni chakula na ni kipato, lakini mtoto anayewakimbiza na kuwakusanya pamoja na wakubwa wake huona sikukuu. Desturi ya kutoka pamoja ilikuwepo na ipo. Swali la kihistoria ni kwa nini desturi hiyo haikuvuka kuingia kwenye nyika, maziwa na mapori yaliyo jirani kabisa na nyumba zetu.

Jibu linaanza na miaka migumu ya mwisho wa karne ya 19. Baada ya Rumanyika kufariki, utawala ulidhoofishwa na magomvi ya kurithi kiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, ambao ndio waliokuwa msingi wa utajiri na heshima ya Karagwe, na Wajerumani wakashika nchi. Mwaka 1896 Serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kuhifadhi wanyama na kutenga maeneo yao. Waingereza, waliorithi Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaendeleza njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1921. Mantiki ya sheria zote mbili ilikuwa moja: mwenye leseni na bunduki ni mwindaji halali, na mwenyeji mwenye mkuki ni jangili. Pori ambalo watu walikuwa wakilipita, wakiwinda na kutafuta dawa ndani yake, likawa mahali pa kukamatwa. Mzazi aliyefundishwa kuliogopa pori kwa sababu ya askari hawezi kumpeleka mwanawe huko kutazama swala. Uhuru haukuondoa mpaka huo. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na pamoja nao zikaisha siku za hadhara zilizokuwa zikiwakusanya watu Bweranyange, uliokuwa mji wa watawala wa Karagwe. Mapori ya akiba yalibaki maeneo ambayo sheria iliruhusu uwindaji wa leseni. Mahali pa risasi hapafai kuwa mahali pa watoto.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, na makambi yao yalidumu hadi mwisho wa mwaka 1996. Watu waliokimbia mauaji walihitaji kuni na nyama. Misitu ilikatwa, na wanyama wa Burigi na mapori jirani walipungua sana. Kwa miaka mingi baadaye, jina la pori liliambatana na hofu ya silaha na utekaji wa magari barabarani. Kizazi kilichokuwa shule ya msingi wakati huo ndicho leo kina watoto wadogo, na haishangazi kwamba wengi wao hawakulelewa na wazo la pori kama mahali pa mapumziko. Ndiyo maana uamuzi wa 2019 una uzito mkubwa kuliko mabadiliko ya mabango. Katika hifadhi ya taifa uwindaji wa kitalii hauruhusiwi. Mgeni huingia kutazama. Kwa mara ya kwanza tangu 1896, sheria inaiona nyika ya Karagwe na Kyerwa kama mahali ambapo mtoto anaweza kuwa mgeni halali.

Hata hivyo sheria peke yake haijazi watu hifadhini. Tanzania imewahi kufanya vizuri zaidi, tena hapa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1964 Serikali ilifungua bustani ya wanyama katika Kisiwa cha Saanane, Mwanza, ya kwanza nchini. Kisiwa hicho kilivuta watu kwa sababu kilikuwa karibu na mji, mtoto mdogo aliweza kukizunguka kwa miguu, na wanyama walionekana bila safari ndefu ya gari. Mwaka 2013 Saanane ikawa hifadhi ya taifa, na hadi sasa familia za Mwanza zinaitumia. Kwetu vipo vitu vinavyofaa umri huohuo: mvuke na maji ya Mtagata, historia ya Bweranyange, viboko wa Mto Kagera, swala pala na nyamera wa Ibanda, karibu na pale Tanzania, Uganda na Rwanda zinapokutana. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene imesogeza wilaya hizi karibu na Bukoba. Kinachokosekana ni maandalizi yanayomfikiria mtoto: njia fupi za miguu, kivuli, vyoo, maji safi ya kunywa, na mwongozaji anayejua kusimulia kwa Kiswahili na Kinyambo.

Pingamizi zito zaidi ni fedha. Familia inayoishi kwa ndizi, maharage na kahawa inapanga ada na matibabu kwanza, na ni sahihi kufanya hivyo. Lakini katika hifadhi za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) watoto walio chini ya miaka 5 huingia bila kulipa, na wenye umri wa shule hulipa pungufu ya watu wazima. Mzigo mkubwa ni usafiri, nao una dawa ambayo mahujaji wameithibitisha miaka mingi: watu huchanga mapema, hukodi basi moja na kubeba chakula chao. Shule, jumuiya au kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Pingamizi jingine ni usalama, nalo lina msingi, kwa sababu kuna mamba mtoni, nyati porini, na maji moto humuunguza mtoto asiyeangaliwa. Hatari hizo zinadai uzio, ngazi imara na askari wa hifadhi aliye karibu. Hazidai watoto wabaki nyumbani, hasa kwa kuwa mtoto anayekulia jirani na pori atakutana nalo siku moja akiwa peke yake na bila mafunzo.

Wapo pia wanaosema hifadhi ziko kwa ajili ya wanyama na fedha za kigeni, na kwamba makundi ya watoto yatavuruga vyote viwili. Hao watazame ng'ambo ya Mto Kagera. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, iliyoanzishwa 1934, ilipoteza simba na faru wake katika miaka ya misukosuko. Simba walirudishwa 2015, faru weusi 2017, na faru weupe 30 waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2021. Miaka hiyohiyo Akagera imekuwa ikiwapokea wanafunzi wa vijiji jirani kwa utaratibu maalumu wa elimu. Wahifadhi wake waliona kwamba mtoto aliyemwona faru kwa macho yake hataona fahari kumuua. Mwaka 1861 Speke aliwapiga faru risasi katika Karagwe; leo mtoto wa Karagwe anayetaka kuwaona jirani na kwao anahitaji kuvuka mpaka. Hasara hiyo inatosha kutufundisha kwamba uhifadhi usio na wenyeji hauhifadhi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kwa hiyo TANAPA na halmashauri za Karagwe na Kyerwa zitenge kila mwaka siku za familia, kwa kiingilio ambacho mkulima anakimudu, na Mtagata na Bweranyange ziwekewe maelezo, vyoo na waangalizi. Walimu wa Nyakakika waingize ziara moja katika ratiba ya mwaka. Na wazazi wasingoje hayo yote yakamilike: changeni mapema, kodini basi, wapelekeni watoto wakaione nchi ya Rumanyika, kwa maana ni yao.