Mchago wa Bibi Harusi: Kutoka Samadari Hadi Mahameli



Siku hizi bibi harusi wetu hakosi picha moja kwenye simu yake: kitanda chenye kichwa kirefu kilichowambwa mahameli, kimejaa sponji, vifungo vimezama ndani. Anampelekea fundi, fundi anataja bei, na nyumba nzima inaanza kuhesabu. Kabla ya bei, hebu tuulize: kitu hiki kimetoka wapi, na sisi tulikuwa na nini kabla yake?

Tuanze na jina. Wengi tunasema "kichwa cha kitanda", lakini bibi zetu walikuwa na neno lao: mchago, yaani upande wa kulaza kichwa. Kitanda chao kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja mchagoni na kimoja miguuni. Katikati kiliwambwa kamba za makumbi. Liangalieni neno hilo, kuwamba. Ngoma huwambwa ngozi, kitanda kiliwambwa kamba, na leo fundi anawamba kitambaa. Kazi ni ile ile ya kukaza kitu juu ya mti, ila imehama kutoka chini ya mgongo ikaja nyuma ya kichwa.

Kwa wenye uwezo, Unguja na miji mingine ya pwani, kulikuwa na samadari, kitanda kirefu kilicholetwa kutoka India kwa majahazi ya msimu. Mchago wake haukuvikwa kitambaa. Ulikuwa mti ulionakshiwa, na mwingine ulitiwa vioo na vigae vya rangi. Kitambaa kilikuwa juu na pembeni: besera na chandarua.

Aliyetuachia picha nzuri ya vitanda hivi ni mwanamke wa hapa hapa, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Anaeleza vyumba vyenye vitanda vikubwa vya mti wa thamani, vilivyochongwa na mafundi wa Kihindi na kufunikwa kitambaa cheupe chepesi. Vilikuwa virefu mno, mtu akipandia kiti au akinyanyuliwa na mtumishi. Na mvunguni, anasema, walilala watu wengine, kama yaya wa watoto.

Tusilipite jambo hilo haraka. Wengi wa waliotumika katika majumba yale walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Tunapokisifu kitanda cha kale, tumkumbuke na aliyelala chini yake.

Basi kuuvika mchago kitambaa kumetoka wapi? Mfano mmoja maarufu uko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 17. Daniel Marot, msanifu Mfaransa wa Kiprotestanti, alikimbilia Uholanzi baada ya mwaka 1685, watu wa madhehebu yake walipopigwa marufuku kwao. Akamtumikia William wa Orange, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza. Marot alichora vitanda vya fahari ambavyo hata mchago wake wa kuchonga ulibandikwa kitambaa mpaka mti usionekane. Kimoja cha mtindo huo, kitanda cha Melville cha karibu mwaka 1700, kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London: mahameli nyekundu kutoka Italia kwa nje, hariri nyeupe ya China kwa ndani. Zama hizo kitambaa kilikuwa ghali kuliko mti, kwa hiyo kuuficha mti kulikuwa kutangaza mali.

Leo mambo yamegeuka. Ndani ya mchago wa kisasa mna plaiwudi na sponji, na mahameli nyingi za madukani ni za nyuzi za viwandani. Ni kazi ambayo fundi makochi yeyote hodari anaiweza. Kama mnapenda, fanyeni, hakuna ubaya. Chagueni kitambaa kinachovulika kikafuliwa, maana unyevu wa visiwani huleta ukungu. Na hariri halisi iepukeni: imepokewa kwa Hudhayfa (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuivaa na kuikalia, na wanazuoni wengi wanasema katazo hilo ni la wanaume. Mchago huo na bwana ataegemea.

Lakini linalonigusa zaidi ni hili. Bi Fatma (r.a.), kipenzi cha Mtume, alipoolewa alipewa nguo nzito, kiriba cha maji na mto wa ngozi uliojazwa nyasi. Ndoa yake haikupungukiwa. Sisi tunakopa kwa ajili ya mchago utakaopigwa picha siku moja. Zamani mvunguni alilala mtu; leo mara nyingi hulala deni.

Na jingine. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na yakishatolewa ni mali ya mke. Basi kama samani za chumba ni sehemu ya mahari, zitajwe wazi mbele ya walii na mashahidi, ziandikwe. Kama ni za bwana, ijulikane pia. Tumeona ndoa zikivunjika, gari la mizigo liko mlangoni, na hakuna anayejua kitanda ni cha nani. Kuuliza mapema si tamaa, mwanangu. Ni kuijua haki yako.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu vyumba vyenye sitara, mapenzi na huruma, na usingizi usio na deni. Aamiin.